Kifaransa chuoni kimenikaba, sikuwahi kukisoma hata siku moja. Nidropu?

Mgeni_wa_Kozi: Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza, nimechukua Kifaransa kama kozi ya kuchagua nikijua wote tunaanza sifuri, kumbe nusu ya darasa walikisoma sekondari. Mwalimu akiingia ni Kifaransa mwanzo mwisho, wenzangu wakicheka na mimi nacheka tu kufuatisha. Juzi kanisimamisha nisome ubaoni "ils parlent" (wanaongea), nikasoma herufi zote kama tunavyosoma Kiswahili, ilsi parlenti, darasa zima chini. Halafu eti meza ni mwanamke kitabu mwanaume, nani alikaa akaamua? Testi wiki tatu zijazo.

Bibi_Chaki: Usidropu mdogo wangu. Kosa lako unaanza na macho badala ya masikio. Parle, parles, parlent, maandishi matatu ila mdomoni ni kitu kimoja, zile "ent" za wingi mwishoni mwa kitenzi hazitamkwi kabisa. Mimi muhula wa kwanza nilikuwa sifungui kitabu mpaka nisikilize kwanza, RFI, ile redio ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi kama dakika kumi hivi, mwanzoni unaambulia majina ya nchi tu, usijali.

Na ile r inayowatesa watu wewe unayo tayari, ni jirani kabisa na gh ya "lugha" na "ghali". U ya "rue" je? Sema "i" ndefu halafu bila kusogeza ulimi chongoa midomo kama unapuliza chai.

kifimbo77: Mswahili kulalamikia jinsia ya meza aisee 😂 wewe unasema kiti kizuri, mti mzuri, tunda zuri, ngeli zote hizo umezibeba toka utotoni hujauliza nani aliamua, wao wana mbili tu unalia. Ila usiandike neno peke yake kwenye daftari, andika na un (ya kiume) au une (ya kike), sio le na la, kwa sababu neno likianza na irabu zote mbili zinakuwa l' na inaficha kila kitu. L'école (shule) utajuaje ni jinsia gani? Une école, kwisha. Yanayoishia -tion karibu yote ni ya kike, ya -age mengi ni ya kiume ila plage, image na page ni za kike, zitakuchapa kwenye mtihani, nakwambia kwa uchungu.

Mulubumbashi: Ndugu yangu, miye niko Lubumbashi, Kongo, huku Kifaransa ndiyo cha masomo na cha ofisi. Kwa hesabu fanya angalisho. Sisi tunasema septante (70) na nonante (90) kama Wabelgiji, mwalimu wako pengine anafuata Ufaransa, soixante-dix (sitini na kumi) na quatre-vingt-dix (ishirini nne na kumi). Ukijibu nonante si kosa lako, ni ya kwetu.

Mgeni_wa_Kozi: Ngoja, kwa hiyo 97 ya Ufaransa ni ishirini nne halafu kumi na saba?? Hawa watu walikuwa wanauza nini sokoni.

Sawa nakomaa. Dada Bibi Chaki, nimejaribu "rue" kwa gh kama ulivyosema, mwenzangu wa rumu kaamka kaniletea maji ya kunywa, kadhani nimekwamwa na mwiba wa samaki.