Marudio ya dhahabu Nzega: tofali la pumba, zege la povu au kauri ya povu?

Kichuguu_Nzega: Wakuu, kuna lundo la marudio ya mwalo huku Nzega, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa dhahabu, unga laini wa mawe ya kwatzi (quartz). Lengo ni tofali jepesi la kuta za ndani. Njia ni tatu: kuchoma na pumba za mpunga, zege la povu (saruji iliyochanganywa na povu), au kauri ya povu (kauri yenye vitundu vya hewa). Ipi inamfaa fundi wa Tabora?

Fundi_Tanuri: Pumba. Kwa kilo 100 za mchanganyiko mkavu: udongo wa kichuguu 62, marudio 30, pumba 8. Kilo 8 za pumba ni kama ndoo nne za lita 20, usishtuke ukiona zimejaa. Marudio hayana mnato. Yakifika nusu, pembe za tofali zinamong'onyoka likitoka tu kwenye kalibu. Udongo mweusi wa mbuga achana nao, unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, tofali linapasuka hata kabla ya kupangwa.

Kanda, funika kwa nailoni usiku kucha, fyatua, kausha kivulini wiki mbili. Tofali la sm 22 × 10.5 × 7 la kawaida lina kilo 2.7 hivi. Hili hushuka hadi kama 2.1.

Moto uende taratibu. Pumba zinaungua ndani ya tofali lenyewe (kuni zinapungua, na miti yetu tayari inaliwa na mabani ya kukaushia tumbaku). Ukiharakisha, uso unaziba kabla kaboni haijatoka. Vunja moja utaona moyo mweusi. Na usibomoe tanuri likiwa bado la moto: kwatzi hunywea ghafla likishuka chini ya nyuzi 573, na kwa tofali lenye marudio mengi hapo ndipo nyufa huingia.

Mchenjuaji: Fundi, vipimo vyako sawa, lakini hayo ni marudio ya mwalo, yamepita zebaki ya kunasia dhahabu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Tanuri la kuni linafika 800 na zaidi, kwa hiyo itapanda yote na moshi na kuvutwa na wachomaji na majirani. Arseniki kama ipo nayo huweza kutoka. Kuosha kwa maji hakusaidii.

Chota sehemu kumi za lundo, juu na kina cha mita moja, changanya, gawa mafungu manne, toa mawili yanayotazamana, rudia mpaka zibaki kilo mbili. Peleka maabara ya GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma, omba wapime zebaki, arseniki, risasi na salfa. Kabla ya majibu, hakuna kuwasha. Hili naliomba kwa dhati.

Zege_Jepesi: Zege la povu halina moto, ila linakula saruji. Mita moja ya ujazo: saruji mifuko 8 ya kilo 50, marudio kilo 400, maji lita 200, povu lijaze nafasi iliyobaki. Pima kwa ndoo ya lita 10: uji uwe na kilo 10. Ukifika 12, povu limekufa. Povu litoke kwenye mashine na dawa maalumu ya kutoa povu; la sabuni ya unga linaporomoka kabla saruji haijashika. Salfa ikiwa nyingi acha kabisa, maana ikikutana na hewa na maji hutengeneza salfeti, chumvi inayoharibu saruji, na ukuta unapasuka miezi kadhaa baadaye.

Kauri ya povu inataka nyuzi 1,100 hadi 1,200, unga wa feldspa (madini yanayosaidia mchanganyiko kuyeyuka), silikoni kabaidi kidogo (ya kutoa gesi ya povu), na tanuri la gesi au umeme lenye kidhibiti. Kwa tanuri letu la kuni haifai.

Kichuguu_Nzega: Asanteni sana. Sampuli kwanza. Majibu yakiwa safi, tofali la pumba linafaa bafuni?

Fundi_Tanuri: Hapana mkuu. Lipime kavu, lilaze kwenye maji saa 24, lipime tena. Likinywa zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na hili mara nyingi litazidi, libaki vyumbani na lipigwe plasta pande zote. Mstari wa kwanza juu ya msingi weka tofali zito la kawaida.