YULE FUNDI MNAYEMJUA KAKATA DASHIBODI YA BEETLE YANGU NA GRAINDA!!!

Wakuu nimetoka gereji sasa hivi, mikono inatetemeka na naandika hivyo hivyo. Simtaji jina, mnamjua, yule wa "hiyo kazi ndogo bosi".

Kakata dashibodi. Na grainda. Dashibodi ya bati ya Volkswagen Beetle ya 1965, bati lenyewe la kiwandani, halina ufa halina kutu, kitu pekee kwenye gari zima ambacho hakikuhitaji kuguswa, kaikata aweke redio ya skrini! Nani kamtuma skrini? Nilimwachia gari achomelee sakafu pale chini ya siti ya nyuma, betri inapokaa, ambapo Beetle huoza kwa asidi, basi. Sakafu hajaigusa, ukikaa nyuma unaweza kuendesha kwa miguu. Dashibodi ambayo haijamkosea mtu ndiyo kaipeleka upasuaji.

Na gari ni volti 6 jamani, SITA! Hiyo redio inataka 12, yaani kakata bati kwa ajili ya redio ambayo hata haiwaki. Namuuliza ulipimaje hilo tundu, ananijibu "kwa macho bosi". KWA MACHO! Kingo zimejikunja kama mfuniko wa kopo la samaki, rangi imeungua, grainda imeteleza ikaacha mkwaruzo mpaka jirani na spidomita, na mwenyewe kasimama pembeni anatabasamu anasubiri nimpongeze. "Sasa gari lako limekuwa la kisasa." Mimi nimehangaika kutafuta vitasa, raba za vioo, mpaka taa za indiketa za mwaka uleule ili gari lirudi lilivyotoka kiwandani, halafu mtu na grainda yake ananiambia kisasa!

Nikasema basi nipe kile kipande ulichokata, tukichomelee kirudi. Hakipo. Kakitumia kuziba sakafu ya gari la mteja mwingine. Dashibodi yangu inakanyagwa na viatu vya mtu huko!!

SpanaKumiNaTatu: Pole mkuu. Huyo huyo alipaka puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi, juu ya kutu kwenye Datsun yangu, hakukwangua hata kidogo. Mvua ya kwanza tu bodi ikatoka malengelenge, ukibandika sumaku mlangoni inadondoka.

Msasa80: Mleta uzi na wewe unaachaje gari la hivyo gereji unaenda zako? Ungekaa pale umemkazia macho.

Mleta uzi: Nikae nilinde dashibodi wakati nimempa kazi ya sakafu? Mtu katumwa chini kaenda kukata juu!

KoiliMpya: Mkuu usilie, hamia tu volti 12 redio iwake. Unabadilisha dinamo, regyuleta, balbu, mota ya waipa. Ila stata ya 12 inataka flaiwili (lile gurudumu la meno ambalo stata hulizungusha kuwasha injini) ya meno 130 na yako ni ya meno 109.

Mleta uzi: SITAKI REDIO IWAKE. NATAKA BATI LANGU.

Msasa80: Volti 6 yenyewe taa ni mishumaa, bora uhamie.

SpanaKumiNaTatu: Uongo, volti 6 ikiwa na ethi safi (waya wa betri unaofungwa kwenye bodi) na waya mnene taa zinawaka vizuri. Watu wanaweka waya mwembamba, umeme unapotea njiani, halafu wanalaumu betri.

Msasa80: Endesha usiku ndiyo uje kuongea hapa.

MafutaMazito: Volti mtabishana kesho, kuna mtu aliyekutana na silikoni yake ya kuzibia mafuta yasivuje? Kwangu kila gasketi alipaka kama anajenga ukuta. Vipande vikakatika ndani vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili, injini ikaanza kugonga.

KoiliMpya: Silikoni nyekundu au nyeusi?

MafutaMazito: Nyekundu.

KoiliMpya: Nyekundu yenyewe haina shida, ni ya joto kali. Shida ni wingi, inatakiwa uzi mwembamba tu.

SpanaKumiNaTatu: Nyembamba au nene, kwenye gasketi ya hedi haipakwi kabisa.

KoiliMpya: Nani kasema hedi? Soma kwanza.