Watoto na Wajukuu wa Bibi Mwanaisha: intavyuu ya Rahma

*Jumapili*

Mama Rahma (Leicester): Asalaam aleikum wote. Rahma ameitwa intavyuu ya kujitolea hospitali, Jumatano saa 4 asubuhi. Ni ile ya kukaa na wagonjwa wodini, kuwasaidia kula, kuzungumza nao. Tangu ujumbe uingie hajala vizuri. Naomba mnisaidie, hasa wifi Zuhura na Idi mnaozijua wodi.

Shangazi Zuhura (Tanga): Waaleikum salaam wifi. Alhamdulillah. Mwambie aingie mwenyewe humu tuongee naye.

Rahma: Shikamoo shangazi. Shikamooni wote.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Nini kinakutisha?

Rahma: Wameandika wataniuliza uzoefu, na mimi sina. Sijawahi kufanya kazi hospitali hata siku moja. Wenzangu chuoni wana vyeti vya huduma ya kwanza, wengine wameshafanya kazi kwenye nyumba za wazee.

Idi (Birmingham): Rahma, mimi huu mwaka wa sita ni msaidizi wa wauguzi wodi ya wazee, na wanaojitolea nawaona kila wiki. Hawatafuti nesi. Mtu wa kujitolea hagusi dawa wala hamnyanyui mgonjwa. Wanachotaka kujua ni kama mgonjwa atakuwa salama ukiwa naye, na kama ukiambiwa mwisho wako hapa utaishia hapo hapo.

Idi: Tufanye mazoezi humu humu, mimi nauliza. Jibu kwa Kiswahili mpaka mawazo yakae sawa, Kiingereza tutakipanga kwa simu. Swali la kwanza: kwa nini unataka kujitolea hospitali?

Rahma: Kwa sababu napenda kusaidia watu na nataka kusomea unesi.

Idi: Ni kweli, ila kila atakayekaa kwenye kiti hicho atasema hivyo hivyo. Unesi usiufiche, wengi wanaojitolea wanaelekea huko na wao wanajua. Usiutangulize tu, wasije wakaona umefuata barua ya kuombea chuo.

Salim (Muscat): Nimesoma toka juu. Rahma, unasemaje huna uzoefu? Bibi yako nani alimlisha?

Salim: Miezi 14 mama amelala pale nyumbani Ngamiani, Tanga, na kiharusi. Sisi wanawe wengine tulikuwa tunatuma pesa na kupiga simu. Wewe unatoka shule, unavua viatu mlangoni, unaingia chumbani kwake hata hujala.

Rahma: Lakini ba'mdogo ile ni nyumbani. Na yule ni bibi yangu.

Shangazi Zuhura: Mgonjwa ni mgonjwa. Hebu tueleze ulikuwa unamlishaje. Andika kama unamweleza mtu asiyemjua mama kabisa.

Rahma: Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea wote, mpaka mdomo. Mwanzoni nilikuwa nasimama pembeni ya kitanda na bakuli, bibi anageuza uso ukutani. Nikadhani hapendi uji. Nikaongeza maziwa, hataki. Nikaongeza sukari, hataki. Siku moja miguu ilikuwa inaniuma, nikavuta kile kigoda cha jikoni nikakaa, uso wangu ukawa sawa na wake. Akafungua mdomo. Kumbe uji alikuwa anautaka, alichokataa ni kusimamiwa. Toka siku hiyo nikawa nakaa. Kijiko naingiza upande wa kushoto, kidogo kidogo. Naangalia koo mpaka nione amemeza ndiyo nachota kingine, nikiharakisha anapaliwa. Akimaliza namwacha ameegemea mito kama nusu saa, shangazi alinikataza nisimlaze chali.

Mama Rahma: Hiyo ya kigoda sikuijua mwanangu.

Salim: Na mimi leo ndiyo naisikia. Mungu amrehemu mama.

Shangazi Zuhura: Amin.

Idi: Rahma, nakuambia kama mtu wa kazini, siyo kama kaka yako. Hayo uliyoandika ndiyo tuliyofundishwa. Kaa usawa wa macho yake, kijiko kidogo, ngoja ameze, asilale mara baada ya kula. Kwenye hospitali nyingi za huku Uingereza mgonjwa anayehitaji msaada wa kula huletewa chakula kwenye trei nyekundu, ili kila anayepita ajue. Na bado nimeshaona mtu kasimama juu ya mwenye trei nyekundu, kijiko mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Usiseme tena huna uzoefu. Nakili huo ujumbe wako, usome mpaka Jumatano.

*Jumatatu*

Idi: Swali la pili. Mgonjwa anakuomba maji. Nesi yuko kitanda kingine na pazia limefungwa. Unafanyaje?

Rahma: Nampa. Maji hanyimwi mtu.

Shangazi Zuhura: Hapo simama kwanza mwanangu. Nikusimulie jambo la mwaka wangu wa kwanza kazini. Kulikuwa na baba mmoja anasubiri kupasuliwa asubuhi ile. Ndugu yake alifika alfajiri na chupa ya uji, akamuonea huruma, akamnywesha kikombe kizima. Hakuna aliyemkataza na kibao cha kutokula hakikuwepo kitandani. Daktari wa usingizi alipouliza, mgonjwa akasema ukweli, operesheni ikaahirishwa. Tumbo likiwa na chakula mtu akalazwa usingizi, kile chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, na hapo unampoteza. Yule ndugu alilia kwenye korido na chupa yake mkononi. Alifanya kwa mapenzi. Kwa hiyo hata maji, unauliza kwanza.

Idi: Hata asiye wa kupasuliwa, mama. Huku wenye shida ya kumeza wanawekewa viwango. Vinywaji ni 0 mpaka 4, 0 ndiyo maji ya kawaida, na kadiri namba inavyopanda kinywaji kinakuwa kizito. Vyakula ni 3 mpaka 7, na 7 ndiyo chakula cha kawaida. Mwenye kiharusi anaweza kuwa kwenye 2. Ukimpa maji matupu yanakimbia kooni kabla hajajiandaa, yanaingia njia ya hewa. Kizito kinakwenda polepole, anawahi kukimeza.

Rahma: Ndiyo maana bibi alikuwa anapaliwa na chai ila uji hapaliwi!

Shangazi Zuhura: Ndiyo hiyo hiyo.

Rahma: Basi nijibu upya. Namwambia nimesikia, kiu inatesa, ngoja nikuulizie. Naangalia kama juu ya kitanda kuna kibao. Namuuliza nesi au msaidizi aliye karibu, siingii ndani ya pazia. Wakisema ndiyo nampa, wakisema hapana narudi namwambia.

Shangazi Zuhura: Hapo kwenye kurudi ndipo wengi wanapokosea. Mgonjwa akiambiwa nakuja, anahesabu miguu inayopita. Hata kama jibu ni hapana, rudi umwambie kwa mdomo wako.

Idi: Na kama hapumui vizuri, ameanguka, au kabadilika ghafla, huulizi tena. Unabonyeza kengele na unaita kwa sauti.

*Jumatatu, baada ya Isha*

Idi: Swali la tatu, na hili wataliuliza kwa namna yoyote ile. Umemkuta wodini mama unayemjua wa pale msikitini kwenu. Ukifika nyumbani unamwambia mama yako?

Rahma: Hapa pagumu. Mama angetaka kujua ampelekee hata supu.

Mama Rahma: Kweli ningetaka.

Hamisi (Dar): Samahani nami niingie. Kumjulia hali mgonjwa ni haki yake kwetu sisi. Mtu alale hospitali wiki nzima na jirani asiende, atatuelewaje? Hata akipona hatasahau. Huu utaratibu wa kufichana tusiwafundishe watoto.

Idi: Shikamoo mjomba. Haki hiyo siikatai, nami nimelelewa nayo. Ila mwenye haki ni mgonjwa, basi yeye ndiye aamue nani ajue. Huenda mimba imeharibika na hata mumewe hajaambiwa. Rahma akisema tu "nimemuona mama fulani wodi ile," jina la wodi peke yake limeshatangaza anaumwa nini.

Hamisi: Marahaba mwanangu. Hilo la wodi sikulifikiria.

Shangazi Zuhura: Kaka, mimi miaka yote ile kazini nimekutana na majirani wangapi mle? Kuna waliokuwa wananisalimia sokoni kila siku, na nyinyi mliokaa nyumba moja na mimi hamkuwahi kujua kuwa walilazwa. Ndiyo maana walikuwa hawaogopi kuniona zamu yangu ikifika.

Hamisi: Ni kweli. Hukuwahi kutaja mtu.

Rahma: Na kama mwenyewe anataka watu waje?

Idi: Basi awaite mwenyewe. Simu yake ikiwa imezima, waombe wahudumu chaja, hapo umemsaidia na siri yake imebaki yake. Na humu kwenye grupu vile vile, ukianza kazi usilete kisa cha mgonjwa hata bila jina. Waswahili wa Leicester wanajuana, watu wataunganisha wenyewe.

Mama Rahma: Mimi mama yake naahidi mbele yenu, ukirudi sitakuuliza umemuona nani. Nitakuuliza kama umekula.

Rahma: Ahsante mama. Kaka Idi, nikikuta mtu anajua Kiswahili tu, daktari akaniomba nimtafsirie?

Idi: Kaa naye, mpigishe soga, atafurahi kuliko unavyodhani. Ila mambo ya ugonjwa, dawa na kusaini ridhaa yana wakalimani wao, hata kwa simu wanapatikana. Neno moja likipotea hapo ni hatari, na wewe hukusomea.

*Jumanne*

Rahma: Kitu kingine kinanisumbua. Mzee wa miaka 80 nimwite kwa jina lake tupu, John? Ulimi hautaki.

Shangazi Zuhura: Ulimi wako una adabu. Muulize anapenda aitweje, wapo wanaopenda Bwana fulani. Shikamoo yako iwe kwenye sauti na namna unavyomkaribia.

Idi: Na anza na jina lako. Huku kulikuwa na daktari wa wazee, Kate Granger, aliugua saratani. Mwaka 2013, akiwa kitandani kama mgonjwa, akaona watu wanakuja kumhudumia bila hata kumwambia wao ni nani. Akaanzisha kampeni ya "Habari, jina langu ni". Alifariki 2016, na mpaka leo utawaona wafanyakazi wamevaa beji yenye maneno hayo. Wewe ukiingia tu: jina, umekuja kufanya nini, na naweza kukaa?

Mama Rahma: Idi, na nguo? Anavaa hijabu na mikono mirefu.

Idi: Kwa intavyuu avae anavyovaa, nadhifu na viatu vya kufunga. Wodini sheria ni mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka anapomhudumia mgonjwa, kwa ajili ya kunawa. Saa na bangili zinavuliwa, kucha fupi bila rangi. Hijabu haina tatizo, iwe safi na isining'inie. Kwa mikono yapo maeneo wana mikono ya plastiki ya kuvaa na kutupa. Aulize mwenyewe kesho, inaonyesha ameshafikiria usafi. Rahma, na kunawa wakikuuliza: kwa sabuni sekunde 40 mpaka 60 kazi nzima, kwa sanitaiza 20 mpaka 30.

Salim: Lala mapema. Mimi nitaamka usiku nikuombee.

*Jumatano*

Shangazi Zuhura: Rahma, saa 4 ya huko huku ni saa 6. Natoka kuswali naangalia simu. Kunywa chai kabla hujatoka.

Mama Rahma: Ameingia. Mimi nimekaa mapokezi.

Rahma: Nimetoka!!

Rahma: Walikuwa wawili, mama mmoja mtu mzima na nesi wa kiume. Maji waliuliza, siri waliuliza. Nilipofika kwa bibi, yule nesi akanikatisha, akauliza kwa nini nilikuwa naangalia koo. Nikamweleza kupaliwa, na chai na uji. Akauliza nani alikufundisha kukaa kwenye kigoda. Nikasema hakuna, bibi alikuwa anageuza uso.

Salim: Nimelia hapa dukani.

Rahma: Swali ambalo hatukulifanya: mgonjwa akikuambia ondoka, sikutaki? Nilinyamaza kidogo. Nikasema naondoka, nahakikisha kengele iko mkononi mwake, namwambia nesi. Siku nyingine napita namsalimia tu, akitaka nikae atasema.

Shangazi Zuhura: Kengele umeifikiria mwenyewe?

Rahma: Ndiyo shangazi. Bibi alikuwa hawezi kuita, ndiyo maana tulimwekea kile kikombe cha bati na kijiko agonge.

Shangazi Zuhura: Nakikumbuka.

Rahma: Majibu wiki ijayo kwa barua pepe. Wamenipa na fomu kabisa. Wadhamini wawili wasio ndugu, uchunguzi wa rekodi ya makosa, na historia ya chanjo.

Idi: Mdhamini mmoja mwalimu wako wa chuo, wa pili yule mama wa madrasa ya Jumamosi unayemsaidia na watoto. Waombe leo kabla hujaandika majina yao. Uchunguzi wa rekodi kwa mtu wa kujitolea hauna ada, akitokea mtu kukudai pesa niambie. Chanjo kadi iko wapi?

Mama Rahma: Kadi yake ya kliniki tuliiacha Tanga. Wifi, angalia kwenye kabati la mama, droo ya chini.

Shangazi Zuhura: Niko njiani, nitapita Ngamiani.

Shangazi Zuhura: Nimeipata. Mama aliiweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vyenu vya shule. BCG ya kifua kikuu ipo, surua ipo, mihuri inasomeka. Nipige picha mbele tu au pande zote mbili?

Idi: Zote mbili mama, na mchana kwenye mwanga.