Sona ya bei nafuu kwa boti ndogo: Striker 4, Deeper au Lucky?

KasiaMoja
Wakuu, salamu. Nataka kununua sona, yaani mashine ya kuonyesha samaki kwa mwangwi wa sauti, kabla mwezi haujaisha. Nimebaki na tatu: Garmin Striker 4, Deeper PRO+ ile ya kurusha majini, na Lucky FF718 ya mkononi. Boti ni ndogo. Nichukue ipi?

FundiWaya
Boti ndogo ya nini, mkuu? Mbao, faiba, bati au ya kujaza upepo? Ina injini au unapiga kasia? Utakuwa Naivasha, Masinga au Ziwa Victoria? Na mfukoni una ngapi? Usiposema, kila mtu hapa atakupigia debe la mashine yake.

Ngege_Mkubwa
Striker 4, biashara imeisha. Ina CHIRP (mlio unaopita masafa mengi badala ya moja tu) ya 77 na 200 kHz, na GPS ya kuweka alama pale ulipotega nyavu. Ramani haina, usije kulalamika baadaye.

Mtumbwi254
Ramani ya nini Naivasha? Sehemu kubwa ya lile ziwa haifiki mita 10. Lucky inatosha: betri nne za AAA, unashusha kihisio, unasoma kina. Pesa inayobaki nunua jaketi la kuokoa maisha.

FundiWaya
Kina itasoma, hilo sibishi. Shida ni mwale wa sauti inaoutuma chini. Lucky ya waya ina mwale wa digrii 45, kwa hiyo kwenye mita 10 inatazama duara la zaidi ya mita 8. Samaki aliye mita nne pembeni anachorwa kana kwamba yuko chini ya kiti chako. Mwale wa digrii 20 kwenye kina hichohicho unatazama mita 3.5 hivi.

Halafu zile alama za samaki wadogo kwenye skrini, zima siku ya kwanza. Mashine inachora samaki kila inapopata mwangwi wa kitu kinachoelea, hata kama ni povu au mizizi ya gugu maji. Jifunze kusoma upinde, ule mstari uliopinda ambao samaki anauacha kwenye skrini. Samaki akiingia ukingoni mwa mwale yuko mbali na kihisio, akifika katikati yuko karibu, akitoka yuko mbali tena. Ndiyo maana mstari unapanda na kushuka. Boti ikitulia na samaki akatulia chini yake, utaona mstari mrefu ulionyooka. Wengi wanadhani ni gogo.

KasiaMoja
Samahani wakuu, haya hapa: faiba futi 14, injini ya nguvu za farasi 15 ya kuvuta kamba, Naivasha zaidi na Masinga mara mojamoja. Bajeti elfu 30, betri ikiwemo.

PwaniMpakaBara
Deeper basi. Hutoboi kitu, huhitaji betri ya boti, na ukiwa ufukweni unairusha tu kwa fimbo.

Ngege_Mkubwa
Na simu uishike na nani ukiwa na usukani mkono mmoja? Deeper inatuma picha kwa Wi-Fi yake, kwa hiyo simu inawaka muda wote, na jua la saa saba halikuruhusu kuona kitu. Boti ikikimbia, kile kimpira kinarukaruka juu ya maji na picha inakatika. Ni mashine nzuri ya mtu wa ufukweni. Mwenye injini haimfai.

SodaNaBati
Kabla hajanunua Striker asikie hili, maana nyingi zinaletwa mezani kwa fundi zikiwa na ugonjwa uleule. Waya wa transdusa (kile kihisio cha majini) ni mrefu kuliko boti ya futi 14, basi mwenyewe anaukata katikati, anaunganisha kwa soda (risasi ya kuchomea waya), anazungushia utepe wa umeme. Ndani ya waya ule kuna nyuzi nyembamba zilizozungukwa na wavu wa kinga. Wavu usipounganishwa pande zote, kelele za injini zinaingia, na skrini inajaa mistari ya wima kila ukiongeza mwendo. Mtu anapunguza usikivu ili mistari iondoke, samaki nao wanaondoka nayo. Baada ya muda maji yanapenya kwenye utepe, shaba inageuka kijani, mashine inaanza kusoma kina maradufu au kuandika vistari tu. Hapo anakwenda Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kutafuta skrini mpya, na skrini haina kosa lolote! Waya ukizidi, ukunje mzingo mpana, ufunge kwa kibanio, uuweke mbali na waya za injini. Tundu la kupitishia litoboe liwe la kupita plagi nzima, kisha uzibe kwa silikoni ya boti.

Mtumbwi254
Haya yote Lucky haina 😄

SodaNaBati
Kwa sababu haina pa kufungwa.

FundiWaya
Kwa faiba: transdusa ikae nyuma, angalau sentimita 38 kutoka propela, uso wake ushuke milimita 3 chini ya sakafu ya boti. Ikiwa juu zaidi inasoma mapovu ukikimbia. Usiifunge nyuma ya mbavu au skrubu zilizotokeza chini ya boti, maana zinatengeneza mapovu vilevile. Hutaki kutoboa? Ifunge kwenye mti au bomba la alumini, kisha uubane mti huo ubavuni mwa boti kwa klampu. Naivasha hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu karibu na ufuko kuna migunga iliyomezwa na maji ziwa lilipopanda. Kisiki kikigonga, mti unazunguka na transdusa inapona.

Betri ya volti 12, 7Ah inatosha. Striker 4 inakula takriban robo ya ampia. Ukitumia nusu tu ya betri ya risasi ili isife mapema, unapata zaidi ya saa 12. Weka fyuzi ya ampia 3 kwenye waya chanya, karibu na betri.

PwaniMpakaBara
Lakini hizo sauti si zinafukuza samaki?

Ngege_Mkubwa
200 kHz? Tilapia hasikii hata chembe ya hiyo. Anachosikia ni nanga ukiitupa na buti ukizipiga sakafuni.

Mtumbwi254
Na kiboko je, anaonekana kwenye skrini?

FundiWaya
Mwale unatazama chini, kiboko anakuja ubavuni. Tumia macho.

KasiaMoja
Asanteni. Ya mkononi nimeiacha. Lakini kuna jamaa ananiambia nigundishe transdusa kwa ndani, ipige kupitia faiba, nisishushe kitu majini kabisa.

SodaNaBati
Inawezekana kama sakafu ni faiba tupu na gundi ya epoksi haina hata kiputo kimoja. Kama katikati kuna povu au mbao, sauti inafia humo. Kipimajoto kilicho ndani ya transdusa nacho kitasoma joto la boti badala ya maji. Sakafu yako ni ya tabaka moja?

KasiaMoja
Sijui. Ukigonga inalia kama ngoma.

Ngege_Mkubwa
Nunua klampu.

PwaniMpakaBara
Mimi bado nasema Deeper.