Naomba ushauri: nawezaje kupata vitabu vya kunijenga na watu wa kufikiri nao?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 19. Mwaka jana kaka yangu aliniachia kitabu kimoja cha falsafa, jalada limechanika, nikakimaliza kwa siku tatu. Tangu hapo siwezi kukubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mkubwa.

Shida ni kwamba kitabu kingine cha namna ile sijakipata. Vingi ninavyoelekezwa vinarudia yale yale: amka mapema, weka malengo, utatajirika. Mimi natafuta kitabu cha kubishana nacho.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi: sina wa kuzungumza naye. Rafiki zangu nawapenda sana, lakini nikiuliza kama binadamu ana hiari kweli, wanabadilisha mada. Nilisoma kwamba Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyekuja kuwa mwandishi na mwanasayansi mashuhuri, mwaka 1727 akiwa na miaka 21 tu, aliwakusanya wenzake huko Philadelphia, wakawa wanakutana kila Ijumaa jioni kujadili maswali. Mwaka 1731 wakachangishana na wengine, wakaanzisha maktaba. Nilitamani mno ningekuwa mmoja wao.

Waliopita njia hii, naombeni mniambie: kitabu kilichokubadilisha kilikufikiaje? Wenzako wa kufikiri nao uliwakuta wapi, au uliwavuta mmoja mmoja? Nikianza na mtu mmoja tu, inatosha? Na je, nisome vingi upesi, au nikirudie kile kimoja hadi nikielewe?