Mtoto ana tetekuwanga, shule inasema bila cheti ni mtoro. Hivi hii ni akili ya wapi?

Wakuu, mnivumilie, leo natoa povu.

Mimi ni mama, fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Binti yangu yuko darasa la nne kwenye shule moja ya msingi ya serikali. Jina la shule nalihifadhi maana bado anasoma hapo na sitaki aje kuandamwa kwa sababu ya mdomo wangu. Wana upimaji wa taifa mwaka huu, kwa hiyo tangu muhula uanze wimbo ni mmoja: mahudhurio, mahudhurio. Nyuma ya darasa kuna karatasi imebandikwa, asiyekosa wiki nzima anachorewa nyota kwa kalamu nyekundu. Wangu alikuwa na nyota sita, na kila jioni ananihesabia kama vile ni hela za kibubu.

Wiki tatu zilizopita akaja kuniambia, "Mama, tunayekaa naye dawati ana vipele vinatoa maji, anajikuna tu." Dawati lenyewe wanakaa wanne. Usiku nikampigia mwalimu wa darasa. Akasema analijua hilo, ila mtoto hana homa na anaweza kuandika.

Anaweza kuandika! Kumbe kipimo cha ugonjwa ni kushika kalamu.

Siku ya kumi na nne wangu akaamka wa moto. Kufika mchana vipele vimejaa kifuani, mgongoni, mpaka kwenye nywele. Nikamkimbiza zahanati. Nesi alimfunua blauzi tu, akasema tetekuwanga hii, hata kipimo hakihitajiki. Nikamwambia mbona chanjo zote alipata, ya miezi tisa na ya mwaka na nusu? Akanielewesha kwamba hizo ni za surua na rubela, tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya chanjo za watoto wetu. Na kwamba mtoto anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, halafu anaendelea mpaka vyote vikauke na kufanya magamba, kama wiki hivi. Akae nyumbani, akatwe kucha, asipewe aspirini. Dakika tano tu za maelezo. Ningetamani mwalimu mkuu angekuwepo kwenye lile benchi akasikiliza.

Nikatuma ujumbe shuleni. Jibu hili hapa, nimelitunza: "Pole mama. Ila bila cheti anahesabika mtoro."

Nikapiga picha daftari la matibabu, lile la kawaida tunaloandikiwa sote, nesi kaandika ugonjwa, tarehe na saini. Hapana, wanataka karatasi yenye mhuri. Haya, nikarudi. Bajaji kwenda, bajaji kurudi, foleni mpaka saa nane, cherehani imelala na sare za kwaya za watu zinadaiwa Jumamosi. Nesi akasema mgonjwa aonekane kwanza, kwa hiyo nilikuwa naye. Na siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya wajawazito, benchi hilohilo. Yaani ili nithibitishe kwamba mwanangu anaambukiza, ilibidi nimpeleke akaambukize.

Na hapo kwenye wajawazito ndipo hasira yangu ilipo. Mdogo wangu anakaa kwangu na ana ujauzito wa miezi saba. Tetekuwanga kwa mjamzito si vipele vya kujikuna tu, inaweza kumshika mapafu, na ikimpata karibu na kujifungua mtoto naye yuko hatarini. Usiku uleule nikampigia mama, yuko Mpwapwa, nimuulize kama mdogo wangu aliwahi kuugua utotoni. Mama akafikiri weee, akasema: "Wewe ndiye uliugua. Yeye nilimhamishia kwa shangazi yenu usije ukamwambukiza." Mama yangu hakuvuka darasa la saba, enzi hizo hata simu hakuna, lakini alijua kutenga mtoto mgonjwa. Shule yenye walimu wenye stashahada na shahada inashindwa.

Habari za mdogo wangu nimemweleza daktari wa kliniki, anafuatiliwa, na kahamia kwa rafiki yake Kizota. Tunahesabu siku. Wiki tatu ndizo za kungoja kuona kama naye atatoka vipele.

Na sisi wazazi tusijifanye malaika. Tunajua tunachofanya. Mtoto anaamka na homa, saa kumi na mbili asubuhi unampa Panadol, joto linashuka, unamfunga sweta, anaenda. Saa nne, kwenye uji, dawa imeisha nguvu, homa imerudi, na ameshawakoholea wenzake asubuhi nzima. Nimeshawahi kufanya hivyo, tena si mara moja. Lakini kwa nini? Kwa sababu akikosa siku tatu naitwa kwa mtendaji wa mtaa kama mhalifu. Ukiadhibu kukosa bila kuuliza sababu, utaletewa wagonjwa.

Najua kuna watakaokuja na Sheria ya Elimu ya 1978, kwamba mtoto lazima ahudhurie. Sijaikataa. Mimi mwenyewe nataka asome. Ila mtoro ni anayeaga nyumbani halafu anaishia mtaani, siyo aliyelala kitandani kapakwa dawa ya pinki mwili mzima.

Halafu si kwamba hatujafunzwa. Januari 2024 macho mekundu yalitembea mikoa mingi, tukaambiwa tunawe mikono, tusichangie taulo. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa korona, zilipofunguliwa kila mlango una ndoo ya koki na sabuni. Nendeni leo mkaangalie. Moja ya zile ndoo nimeiona stoo, imewekwa mifagio. Kibuyu chirizi kilichotengenezwa na watoto wenyewe karibu na choo kimebaki kamba na kijiti, dumu hakuna. Na vumbi hili la Dodoma, upepo wa mwezi wa nane, mtoto anapangusa macho kwa mkono uleule.

Sidai zahanati shuleni. Nadai karatasi moja ubaoni: ugonjwa gani mtoto abaki nyumbani, siku ngapi, daftari la matibabu linatosha au halitoshi, na kwenye daftari la mahudhurio aandikwe mgonjwa, basi. Na darasa likipata tetekuwanga wazazi wote tuambiwe. Grupu la WhatsApp lipo, michango ya mtihani tunatumiwa hata saa nne usiku.

Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Wenye watoto Ilazo, Kisasa, Nzuguni, hata Kongwa na Bahi huko, kwenu inakuwaje? Mwenye shule yenye utaratibu ulioandikwa apige picha aweke hapa, niende nao mkononi. Na wa "hamishia shule ya kulipia" mpite kimya, nashona kwa vipande mimi.

Mrejesho nitaleta Ijumaa jioni. Magamba bado mawili matatu mgongoni, na jana kaniuliza kama nyota zake zimefutwa.