Mliokuwa shule huku Kusini Mwalimu alipofariki 1999, tupeane uzoefu

Mikindani Yetu: Wana Mtwara na Lindi habari zenu. Naandika riwaya ya vijana, mhusika wangu yuko form tuu Masasi, Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere amefia London nchi nzima ipo msibani. Nimejaza bendera nusu mlingoti na Rais Mkapa anatangaza, kijana mwenyewe simuoni. Mlikuwa mnafanya nini hasa?

Kaka Nachingwea: Umenikumbusha mbali. Tukaitwa mstarini, mwalimu wa zamu anaongea kidevu kinamtetemeka, sisi wa nyuma tukaangua kicheko. Woga tu ule, na viboko tukala.

Binti Lindi: Hata kwetu hivyohivyo.

Dogo wa Lupaso: Na Mzee Mkapa mwenyewe je? Kazikwa hapahapa kwetu 29 Julai 2020, nilikuwa form foo, mbona hamumtaji?

Kaka Nachingwea: Dogo fungua uzi wako, huu wa 1999.

Dogo wa Lupaso: Kwani umeulipia?

Mwana Newala: Hii sijawahi kuisema popote. Babu mzaa mama alifariki siku ileile mwili wa Mwalimu unaletwa toka London. Mimi ndo nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nikawa wa kwanza kumuona. Wazee wamekaa chini ya mkorosho redio katikati, betri zimechoka zimeanikwa juu ya bati, kila anayefika kabla hata ya pole anauliza "mwili umefika?" Bibi ndani anaitikia "upo huku, piteni", masikini hajui wanamuulizia mwingine. Aliposema mara ya pili nikanyanyuka nikaibeba ile redio nikaitumbukiza chooni. Mjomba akanitoa mbio mpaka mikorosho ya watu huko, nikarudi giza limeingia, babu keshazikwa sijashika hata udongo.

Binti Lindi: Jamani 😭 pole kaka. Redio ya nani lakini?

Mwana Newala: Ya balozi wa nyumba kumi. Ikakatwa kwenye korosho zetu msimu uleule.

Shangazi Tandahimba: Mwandishi ushapata riwaya, usihangaike. Mwalimu mwache hukohuko redioni, fuata kijana na babu yake.

Mzee wa Kilwa: Sikubaliani. Ukimtoa Mwalimu watoto wa sasa watajua 14 Oktoba ni siku ya kulala tu. Weka na barabara! Daraja la Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo gazeti la Dar lingoje kivuko, likifika Mtwara habari imechacha.

Kaka Nachingwea: Ila asicheke mstarini, si heshima.

Dogo wa Lupaso: Anayesema hayo ndo aliyecheka 😂

Mikindani Yetu: Mwana Newala nakufuata pembeni tuongee.

Mwana Newala: Njoo. Ila mjomba mbadilishe jina, yupo hai na mbio bado anazo.